Havuti, Huvutishwa: Moshi wa Sigara na Masikio ya Watoto

Kitenzi 'kusikia' katika lugha ya Kiswahili kina maana zaidi ya moja. Kusikia ni kupokea sauti kwa masikio, na kusikia pia ni kutii. Ndiyo maana mzazi anapolalamika kwamba mwanawe hasikii, wasikilizaji wake huelewa mara moja kuwa anamzungumzia mtoto mtundu, mkaidi, asiyeshika analoambiwa. Wahenga nao walilitia jambo hili muhuri waliposema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni nadra mno mtu kusimama na kuuliza iwapo mtoto anayesemwa hivyo husikia kwa ile maana ya kwanza. Huitwa mara tatu asiitike. Hutumwa chumvi akaleta sukari. Huketi nyuma ya darasa akitazama dirishani huku wenzake wakijibu maswali. Malipo yake huwa ni kukaripiwa nyumbani na kuchekwa shuleni.

Miongoni mwa watoto hao wapo ambao masikio yao yamejaa majimaji yasiyoonekana kwa macho. Hao si wakaidi, ni wagonjwa. Na katika mambo yanayoleta au kuzidisha ugonjwa huo, liko moja ambalo halihitaji dawa wala fedha kuliondoa, nalo ni moshi wa sigara zinazovutwa ndani ya nyumba wanamolala. Hoja ya makala haya ni moja tu: sigara itolewe katika kila nyumba yenye mtoto, hasa mtoto mwenye maradhi ya masikio na koo, na jukumu la kuitoa ni la mtu mzima anayeivuta, si la mtoto anayekohoa wala la mama anayekimbilia kufungua dirisha.

Kabla ya kuendelea, yafaa jambo lenyewe lipewe jina linalolistahili. Katika mazungumzo ya kila siku watu hugawanywa katika makundi mawili, wavutao na wasiovuta. Mgawanyo huu humpoteza mtoto, kwa kuwa humhesabu miongoni mwa wasiovuta ilhali moshi umo kifuani mwake. Kwa bahati njema, Kiswahili kina utajiri wa mnyambuliko wa vitenzi. Kutokana na 'vuta' hupatikana 'vutisha', na kutokana na 'vutisha' hupatikana 'vutishwa'. Mtoto aliyelala katika chumba kimoja na mvutaji havuti sigara; huvutishwa. Kauli hii ya kutendeshwa hufichua ukweli ambao maneno 'asiyevuta sigara' huuficha, yaani kwamba yupo mtu mwingine anayemfanya atende asilolitaka, na aghalabu mtu huyo ndiye ampendaye kuliko wote.

Sigara inapowaka hutoa moshi wa namna mbili. Upo ule ambao mvutaji huuvuta na kuupuliza, na upo ule unaofuka moja kwa moja kutoka kwenye ncha iwakayo. Huu wa pili haupiti kwenye kichungi chochote, na ndio ulio mwingi katika hewa ya chumba. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kwamba kadiri ya 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Mtoto mchanga hupumua mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, na kwa hiyo, kwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, hupokea sehemu kubwa zaidi ya uchafu uliomo hewani. Zaidi ya hayo, hana uwezo wa kuinuka na kuondoka. Wataalamu wanapopima damu, mate au mkojo wa watoto wanaoishi na wavutaji, hukuta ndani yake kotinini, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini. Hivyo basi mzazi anayedai kuwa moshi wake haumfikii mtoto hukanushwa na mwili wa mtoto mwenyewe.

Je, moshi unaoingia kwa pua unahusiana vipi na sikio? Swali hili ni la haki, kwa maana wengi huyaona masikio kuwa ni mashimo mawili ya pembeni yasiyo na ujirani na koo. Ukweli ni kwamba nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, ambacho ni sikio la kati, na chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua, kwa mrija mwembamba. Mrija huo una kazi mbili. Huingiza hewa ili msukumo wa ndani ya sikio ulingane na ule wa nje, na huondoa ute na majimaji ya sikioni na kuyateremsha kooni. Mtu anayesikia masikio yakifunguka anapomeza mate gari linapoteremka mlima mrefu, anausikia mrija huo ukifanya kazi yake. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama, hivyo majimaji huteremka kwa urahisi. Kwa mtoto mdogo ni mfupi, ni mwembamba na umelala karibu sawasawa, hivyo huziba upesi, na viini vilivyo kooni huupanda bila taabu.

Moshi wa sigara huuvamia mrija huu kwa njia kadhaa. Kwanza, huuchoma utando laini ulio ndani ya pua, koo na mrija wenyewe, utando huo ukavimba na njia ikazidi kuwa nyembamba. Pili, huvidhoofisha vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kusukuma ute na uchafu, mfano wa wafagiaji walionyang'anywa mifagio. Tatu, huongeza ute wenyewe. Aidha, hupunguza uwezo wa mwili wa kupambana na viini. Hewa ya sikio la kati inapokosa kuingizwa upya, majimaji hujikusanya nyuma ya kiwambo. Viini vikiingia humo, mtoto hupatwa na homa na maumivu makali usiku, na pengine kiwambo hupasuka na usaha ukatoka. Visipoingia, majimaji hukaa wiki nyingi au hata miezi bila maumivu yoyote, yakawa mazito mithili ya gundi. Hali hii ya pili ndiyo ya hila zaidi, kwa kuwa mtoto halii wala hana homa. Yeye hupungukiwa tu na usikivu, polepole, bila mtu kutambua.

Haya hayasemwi kwa kubahatisha. Mwaka wa 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti ndefu iliyopima ushahidi wa miaka mingi kuhusu watu wanaovutishwa moshi wa wengine. Ripoti hiyo ilihitimisha kwamba uvutaji wa wazazi husababisha magonjwa ya sikio la kati kwa watoto, yakiwemo yale yanayorudi mara kwa mara na yale ya majimaji yasiyokauka. Ilihitimisha pia kwamba husababisha kikohozi, makohozi, kukoroma kwa kifua na kuishiwa pumzi miongoni mwa watoto wa umri wa kwenda shule. Fauka ya hayo, ilitamka kwamba hakuna kiwango cha moshi huo ambacho ni salama. Ni kweli kwamba si kila sikio linalouma limeumizwa na sigara. Mafua, msongamano wa watu, na mtoto kunyonyeshwa chupa akiwa amelala chali, yote huchangia. Hata hivyo, mafua hayana mwenyewe wa kuyaambia yatoke nje. Sigara inaye.

Koo nalo halisalimiki. Mtoto mwenye mafindofindo yanayovimba kila mara, au mwenye tezi zilizotuna nyuma ya pua, tayari ana njia nyembamba ya hewa. Ushahidi kwamba moshi ndio chanzo cha mafindofindo hauna nguvu sawa na ule wa masikio, na si vyema kuupa uzito usio wake. Lakini hakuna haja ya kuthibitisha kuwa moto ndio ulioleta kidonda ili kukubali kwamba kidonda hakiwekwi motoni. Moshi hukausha na kuwasha koo ambalo limekwisha kuvimba, na kikohozi kikawa hakiishi. Na iwapo mtoto huyo atahitaji kufanyiwa upasuaji, moshi humfuata hadi huko, kwa kuwa watoto wanaoishi na wavutaji huwa katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua wanapotiwa nusukaputi.

Hapa pana jambo la kusikitisha ambalo halina budi kutajwa. Katika sehemu kadha za Afrika Mashariki, kikohozi cha mtoto kisichopona huhusishwa na kimeo, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mtoto hupelekwa kwa mkataji, kimeo kikakatwa, na wengine huvuja damu nyingi au huambukizwa viini kwa sababu ya kisu kisicho safi. Kisha mtoto hurejeshwa katika chumba kile kile, chenye moshi ule ule. Kadhalika sikio linalotoka usaha hutiwa mafuta ya moto au maji ya majani kwa matumaini kwamba litakauka, ilhali linachohitaji ni kuonwa na mhudumu wa afya. Yaani viungo vya mtoto visivyo na hatia huadhibiwa, na sigara iliyo kwenye kidole cha mtu mzima huachwa iendelee kuwaka.

Wapo watakaouliza ni kwa nini jambo la kitabibu liletwe mbele ya wasomaji wa Kiswahili badala ya kuachiwa waganga. Jibu ni kwamba hasara kubwa ya sikio lililoziba ni hasara ya lugha. Majimaji nyuma ya kiwambo hayamfanyi mtoto kuwa kiziwi kabisa. Hufifisha sauti tu, kana kwamba anasikiliza watu walio upande wa pili wa ukuta. Vokali, ambazo zina sauti nzito, humfikia. Konsonanti hafifu kama vile /f/, /s/, /th/ na /h/ ndizo zinazopotea njiani. Mtoto wa namna hii akisomewa imla, atatofautisha vipi 'fua' na 'vua', au 'thamini' na 'dhamini'? Isitoshe, Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, huku viambishi vya mwanzo, ambavyo hubeba nafsi, wakati na ukanushi, vikitamkwa kwa sauti nyepesi. Tofauti kati ya 'atakuja' na 'hatakuja' ni pumzi moja ya /h/. Mtoto asiyeisikia pumzi hiyo haelewi nusu ya sentensi. Ameelewa kinyume chake. Mwalimu akisema 'hamtaandika sasa' naye akaanza kuandika, ataitwa mtoto asiyesikia, na neno hilo litakuwa kweli kwa maana ambayo mwalimu hakuikusudia.

Miaka ya mwanzo ya maisha ndiyo miaka ambayo mtoto hujenga msamiati wake na kuzoea sarufi ya lugha za nyumbani kwake. Mtoto wa Kenya aghalabu huwa na kazi kubwa kuliko ya wengi, kwa kuwa hujifunza lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja au kwa kufuatana. Sikio lililofifia katika kipindi hicho humrudisha nyuma katika zote tatu. Akiingia darasani, hukaa miongoni mwa wanafunzi wengi, mbali na mwalimu, katika chumba chenye mwangwi na kelele za darasa jirani. Baada ya muda huamini alivyoambiwa, kwamba yeye ni mzito wa kuelewa. Majimaji ya sikioni huweza kukauka kwa matibabu au kwa muda. Lakini imani ya mtoto kwamba yeye ni mjinga haina dawa ya kudondoshwa sikioni.

Ikiwa madhara ni makubwa kiasi hiki, ni kipi kinachozuia sigara isitoke nyumbani? Kizuizi cha kwanza ni umbo la nyumba zenyewe. Katika mitaa kama vile Mathare, Kibera na Mukuru jijini Nairobi, familia nzima huishi katika chumba cha futi 10 kwa 10. Chumba hicho ndicho sebule, ndicho jiko na ndicho malazi. Hakuna 'chumba kingine' cha kuvutia sigara. Moshi ukishatoka, hubaki ukiwa umeshikamana na pazia, blanketi na nguo ambazo mtoto hulalia na kutia kinywani.

Kizuizi cha pili ni kigumu zaidi, nacho ni heshima iliyoelekezwa pasipostahili. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 19.1 ya wanaume na asilimia 4.5 ya wanawake walio watu wazima walikuwa wakitumia tumbaku. Hii ina maana kwamba mvutaji wa nyumbani mara nyingi ni baba, babu, mjomba au mgeni wa heshima. Nani atamwambia atoke nje? Mtoto amefundishwa kwamba sikio halipiti kichwa. Mke huhofia kuonekana anamtawala mumewe mbele ya watu. Mwenyeji huona haya kumwelekeza mgeni mlangoni, akamletea kisahani cha majivu badala yake. Adabu hizi zote zina thamani yake katika jamii, na hakuna anayetaka zitupwe. Lakini adabu zilikusudiwa kumlinda mdogo kama zinavyomtukuza mkubwa. Mkubwa anayestahili heshima ni yule asiyemngojea mdogo amwombe pumzi.

Wavutaji nao wana hoja zao, na haifai zipuuzwe. Wapo wanaosema kwamba babu zao walivuta kiko na tumbaku ndani ya nyumba, na watoto wakakua wakiwa na afya. Wanaosema hivyo huwahesabu waliokua tu; hawawahesabu waliozikwa wachanga, wala wazee ambao tangu utotoni sikio moja halisikii na hawakujua sababu. Wapo wanaodai kuwa huvutia dirishani. Dirisha hupunguza harufu, wala halimalizi moshi. Ile ripoti ya mwaka wa 2006 ilieleza bayana kwamba kufungua madirisha, kuweka feni au kumtenga mvutaji katika chumba kingine cha nyumba hiyo hiyo hakumkingi kikamilifu asiyevuta. Wapo pia wanaosema kwamba nyumba ni yao na kodi ni yao. Hilo ni kweli, lakini mapafu na masikio ya mtoto si sehemu ya kodi.

Hoja yenye uzito zaidi ni ile ya kuni. Yaulizwa: kuna maana gani kulaumu sigara moja ilhali mama hupika kwa kuni, makaa au mafuta ya taa, na moshi wa jiko hutanda nyumba nzima asubuhi na jioni? Kwa hakika moshi wa jiko ni adui wa mapafu ya mama na mtoto, na juhudi za kuwapatia wananchi majiko bora na gesi ya kupikia hazina budi kuongezwa. Hata hivyo, kuna tofauti ambayo haiwezi kufichwa. Jiko la kuni, pamoja na ubaya wake, humpa mtoto uji. Sigara haipiki chochote. Familia maskini haiwezi kuacha kupika leo, lakini mvutaji anaweza kutoka nje leo. Kuwepo kwa dhara moja lisiloepukika kwa urahisi si kibali cha kuongeza jingine linaloepukika.

Kwa upande wa sheria, Kenya haikulala. Iliidhinisha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka wa 2004, ikapitisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku mwaka wa 2007, na sheria hiyo ikaanza kutekelezwa mwaka wa 2008. Kutokana nayo, uvutaji ulipigwa marufuku katika ofisi, hospitali, shule na magari ya abiria, na orodha ya sehemu zilizokatazwa inazigusa hata nyumba ambamo watoto hutunzwa. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo, katika Kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika Kifungu cha 53 husisitiza kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Lakini askari hawezi kukaa kila sebule. Mvutaji ambaye huizima sigara yake kabla ya kupanda matatu, kwa kuogopa faini, huiwasha tena akifika kwake, mbele ya mwanawe. Hivyo basi abiria asiyemjua amepata kinga ambayo mtoto wake mwenyewe ameikosa.

Serikali vilevile hutoa chanjo bila malipo. Tangu mwaka wa 2011 watoto wachanga nchini wamekuwa wakichanjwa dhidi ya bakteria ya nyumokokasi, ambayo husababisha nimonia na ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maambukizo ya sikio la kati. Mama huamka alfajiri, akapanga foleni kliniki ili mwanawe apate kinga hiyo. Ni hasara iliyoje kinga iliyotafutwa kwa mkono mmoja ikidhoofishwa nyumbani kwa mkono mwingine!

Yapo mambo yanayoweza kutendwa bila kungoja bajeti. La kwanza liko mikononi mwa wahudumu wa afya. Kila mtoto anayeletwa kliniki na sikio linalouma, usaha, mafindofindo au kikohozi kisichoisha, mzazi wake aulizwe swali moja kwa upole: "Nyumbani kuna anayevuta sigara?" Swali hili lisiulizwe kwa kumsuta mama, ambaye mara nyingi si yeye anayevuta, bali lifuatwe na ujumbe anaoweza kuupeleka nyumbani kwa jina la daktari. Mke anayeona ugumu wa kusema, "Baba watoto, acha kuvutia humu," huweza kusema bila woga, "Baba watoto, daktari amesema masikio ya mtoto hayataki moshi, tafadhali vutia nje hadi apone." Na ajabu ya masikio ya watoto ni kwamba kupona kwake huchukua muda wa kutosha kumzoesha mtu tabia mpya.

La pili ni la walimu. Mwanafunzi anayesemekana hasikii apimwe masikio kabla ya kupewa jina. Aketishwe mbele, aitwe kwa upole kutoka nyuma yake ili ijulikane kama anageuka, na mzazi wake ashauriwe kumpeleka hospitalini. Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wachache nchini na wengi wako katika miji mikubwa, hivyo jicho la mwalimu ndilo hospitali ya kwanza kwa mtoto wa kijijini. La tatu ni la vyama vya akina mama, makanisa, misikiti na mabaraza ya machifu, mahali ambapo wanaume huweza kuambiwa jambo na wanaume wenzao bila kuona kwamba wamedharauliwa.

La nne ni la wanafunzi na wapenzi wa Kiswahili. Kila mwaka tarehe 3 Machi ulimwengu huadhimisha siku ya usikivu, na tarehe 31 Mei siku ya kutovuta tumbaku. Maonyo mengi yanayotolewa siku hizo huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho baba wa chumba cha futi 10 kwa 10 hana haja nacho. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina kalamu, vina vipindi vya redio na vina mashairi na michezo ya kuigiza. Viyatie maneno ya waganga katika lugha inayoingia nyumbani, na neno 'kuvutishwa' liwe la kwanza kutoka.

Mvutaji mwenyewe hastahili kutukanwa. Nikotini humfunga mtu, na wengi walioianza wakiwa vijana wangependa kuiacha. Kuacha kabisa ndiyo tiba iliyo bora, kwake na kwa familia yake, na anayejitahidi asaidiwe, asichekwe. Lakini hata asiyeweza kuacha leo anaweza kupiga hatua kumi kutoka mlangoni, na kubadili shati kabla ya kumbeba mtoto. Hatua hizo hazimalizi hatari yote, bali huipunguza, na hazimgharimu chochote isipokuwa uvivu wake.

Husemwa kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo imetumiwa kwa miaka mingi kuwakemea vijana wasioshika maonyo. Katika nyumba yenye moshi imegeuka, kwa maana dawa ya sikio la mtoto imo katika sikio la mtu mzima. Mtoto amekwisha kusema kwa kikohozi chake, kwa usaha wake na kwa kutoitika kwake. Aliyebaki kusikia ni baba.